Propofoli kwa pampu ya sirinji: mwongozo kwa anayeanza kulaza wagonjwa kwa dawa ya mshipani

Kila kundi jipya la wanafunzi wa nusukaputi likiingia thieta hapa Malindi huja na maswali yale yale, na wenzetu wa Lamu huyauliza kwa simu. "Nianze na mililita ngapi kwa saa?" "Mbona pampu inaonyesha dawa inakwenda na mama amefumbua macho?" "Nikikosa pampu je?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika ili uyapate yote pamoja.

Nakuandikia wewe afisa wa kliniki wa nusukaputi, muuguzi wa nusukaputi, au mwanafunzi mwenye msimamizi ubavuni. Kama hujafundishwa kumpumulisha mtu aliyeacha kupumua, usiguse propofoli, dawa hii ya usingizi ya mshipani, hata ukiambiwa ni kidogo tu ya kumtuliza mgonjwa. Dawa hii haina dawa ya kuizima. Ikimzidi mtu, kinachomvusha ni oksijeni na mikono yako mpaka mwili wake uipunguze wenyewe.

Neno moja kabla ya kazi. Wanaoanza huogopa hesabu ya dozi, lakini mgonjwa huponyoka usingizini zaidi kwa sababu ya mrija. Dozi iliyopigiwa hesabu sawasawa kisha ikamwagika chini ya ngozi, au ikarudi juu kwenye dripu, ni dozi ambayo hukuitoa. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland kuhusu watu walioamka katikati ya upasuaji, NAP5, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta kwamba wengi wa walioamka wakiwa kwenye usingizi wa mshipani hawakufikiwa na dozi iliyokusudiwa, na kwamba mengi ya matukio hayo yangezuilika. Kwa hiyo hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko zote. Isome mara mbili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Oksijeni inayotoka kweli (fungua uisikie), mfuko wa kupumulia na barakoa ya saizi ya mgonjwa, mashine ya kufyonza iliyowashwa, na vifaa vya kuweka mrija wa koo. Monita ya presha, mapigo, oksijeni ya damu na hewa ya kaboni inayotoka mapafuni. Pampu ya sirinji iliyochajiwa usiku kucha. Sirinji za mililita 50 zenye mdomo wa kufunga kwa kuzungusha. Mrija mwembamba wa pampu. Valvu ya kuzuia dawa isirudi nyuma. Kanula ya kijani au ya waridi. Efedrini ya kupandisha presha na atropini ya kupandisha mapigo, zilizokwisha vutwa na kuandikwa lebo. Propofoli ya kutosha upasuaji wote, na chupa mbili za ziada.

Kama mgonjwa atapewa dawa ya kulegeza misuli, ongeza monita ya mawimbi ya ubongo. Kama hospitali yako haina monita hiyo na ina mashine nzima ya gesi ya usingizi, ushauri wangu ni huu: mgonjwa aliyelegezwa misuli mwendeleze kwa gesi. Aliyelegezwa hawezi kukunja hata kidole kukujulisha kuwa yu macho. Propofoli ya mshipani ihifadhi kwa wale wanaoweza kujigeuza dawa ikipungua.

Hatua kwa hatua

1. Ongea na mgonjwa, kisha mpime. Usimuulize "umefunga?" Ukiuliza hivyo katika mwezi wa Ramadhani utapata jibu la swali jingine kabisa. Uliza chakula kwa majina yake. "Shikamoo mama, tangu alfajiri umetia nini mdomoni?" "Marahaba mwanangu, chai tu." Hapo usiondoke. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula: zipite saa 6 kabla ya kumlaza. Chai kavu, kahawa chungu isiyo na maziwa, na maji ni saa 2. Mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, saa 6 au zaidi. Vijana, na wazee pia, waulize kwa upole kuhusu miraa na muguka: aliyekesha akitafuna huja na mapigo ya kasi na presha ya juu, na huenda akahitaji dawa zaidi kuliko ulivyotarajia.

Uzito upime kwa mizani. Makadirio ya ndugu waliomleta si kipimo. Kama pampu yako inataka urefu, pima urefu pia, hata kama amelala: utepe kutoka utosini hadi kisiginoni.

2. Vuta dawa. Soma chupa. Propofoli ya asilimia 1 ina mg 10 kwa mililita, ya asilimia 2 ina mg 20. Zote ni nyeupe kama maziwa na huwezi kuzitofautisha kwa macho zikishaingia kwenye sirinji. Ukiidhania moja kuwa nyingine umemzidishia mgonjwa mara mbili au umempa nusu. Tafadhali, thieta moja iweke nguvu moja tu kabatini.

Dawa hii imeyeyushwa katika mafuta ya soya na lesithini ya yai, na bakteria hustawi humo haraka. Nawa mikono, futa kizibo kwa spiriti, tumia sirinji mpya na mrija mpya kwa kila mgonjwa. Chupa moja kugawiwa wagonjwa wawili ni mwiko, hata ikiwa imebaki nusu na dukani imekwisha. Andika lebo: jina la dawa, nguvu, saa uliyovuta. Saa 12 zikipita tangu kizibo kitobolewe, mwaga.

Na joto letu la pwani. Chupa zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 25 bila kugandishwa. Kabati lililo karibu na dirisha la jua mwezi wa Februari si mahali pake. Mafuta yakijitenga na kuelea juu baada ya kutikisa, chupa hiyo usiitumie.

3. Panga mrija. Kaa chini ufanye kwa utulivu, kuanzia sirinji kuelekea kwa mgonjwa.

Funga mrija wa pampu kwenye sirinji kwa kuzungusha mpaka ukaze. Mdomo wa kusukuma tu hufunguka shinikizo likipanda, na dawa hutiririka kwenye shuka bila mtu kujua.

Jaza mrija wote dawa mpaka tone litoke mwisho wake. Mapovu ya hewa ni dakika ambazo mgonjwa hapati kitu.

Dripu ya maji na dawa zinapokutana, weka valvu ya kuzuia kurudi nyuma upande wa dripu. Bila valvu hiyo, kanula ikiziba, pampu itaendelea kusukuma na propofoli itapanda juu kwenye mrija wa maji. Pampu haitapiga kelele, kwa kuwa kwake hakuna kizuizi. Kisha kanula inapofunguka, dawa yote iliyojikusanya huingia kwa mpigo na presha inaanguka. Ukiona weupe unapanda kwenye mrija wa dripu, hiyo ndiyo habari yake.

Mahali dripu na dawa zinapokutana pawe karibu kabisa na kanula. Kila sentimita ya mrija wa pamoja ni akiba ya dawa inayokwenda kwa kasi ya dripu, si kwa kasi uliyoiweka kwenye pampu.

Mwisho, kanula yenyewe. Iweke mkono ambao hauna kifuniko cha presha, la sivyo kila presha inapopimwa dawa inasimama. Uione kwa macho muda wote. Wapasuaji hupenda kufunika mikono yote miwili kwa shuka. Mwambie kwa adabu, "Daktari, mkono huu niachie," na usianze mpaka uachiwe. Upasuaji ukilazimisha mkono ufunikwe, acha upenyo wa kupitisha kiganja uupapase kila baada ya dakika chache: baridi, uvimbe, unyevu.

4. Ipandishe sirinji kwenye pampu. Chagua kwenye pampu aina ileile ya sirinji uliyoweka. Pampu haioni dawa, inahesabu mwendo wa kisukumio tu. Sirinji za viwanda viwili zina upana tofauti, na ukichagua isiyo yake kila mililita itakuwa ya uongo. Baada ya kuifunga, kabla mrija haujaunganishwa na mgonjwa, bonyeza kitufe cha kusukuma haraka mpaka uone tone. Hapo nafasi iliyobaki kati ya kisukumio na pampu imekwisha. Asiyefanya hivi hungoja dakika kadhaa huku kioo kikimwambia dawa inakwenda.

Pampu ikae usawa wa moyo wa mgonjwa. Ikipachikwa juu sana na sirinji isiposhikwa vizuri, dawa hujivuta yenyewe kushuka.

5. Piga hesabu kwa mkono, hata kama pampu ina kompyuta. Mpango unaofundishwa zaidi ulitoka Bristol, Uingereza, mwaka 1988: mg 1 kwa kilo ya kuanzia, kisha mg 10 kwa kilo kwa saa kwa dakika 10, mg 8 kwa dakika 10, halafu mg 6 kuendelea. Ukiwa na propofoli ya asilimia 1 kuna njia ya mkato: mg 10 kwa kilo kwa saa ni mililita zilezile za kilo zake. Mtu wa kilo 70 ni mililita 70 kwa saa.

Basi huyo wa kilo 70: mililita 7 za kuanzia, kisha 70 kwa saa, kisha 56, kisha 42. Jumlisha na utaona sirinji ya mililita 50 inaisha kama dakika ya 50. Sirinji ya pili iwe imevutwa na kuandikwa lebo ifikapo dakika ya 40. Kubadilisha sirinji ukiwa huna nyingine tayari ni mahali pengine ambapo wagonjwa huamka.

Tahadhari mbili. Kwanza, wagonjwa wa Bristol walikuwa wamepewa dawa ya kutuliza kabla, dawa kali ya maumivu, na pia gesi ya naitrasi. Ukiutumia mpango huu peke yake, bila fentanili na bila gesi, wengi hawatalala vya kutosha. Pili, pampu nyingine huandikwa kwa mikrogramu kwa kilo kwa dakika. Mg 6 kwa kilo kwa saa ni mikrogramu 100 kwa kilo kwa dakika. Soma kipimo kabla ya kusoma namba.

6. Kama pampu yako ni ya kulenga kiwango. Hizi kioo chake huandikwa TCI. Unaiambia unataka dawa kiasi gani kwenye damu au kwenye ubongo, nayo inapandisha na kushusha kasi yenyewe. Ya kwanza kuuzwa ilitoka mwaka 1996 kwa hesabu za Marsh. Baadaye zikaja za Schnider, na mwaka 2018 za Eleveld, zilizokusanya watoto, wazee na wanene katika hesabu moja.

Elewa hili tu, mengine utayasoma taratibu. Marsh huona bakuli la kwanza la mwili, yaani nafasi ambamo dawa huenea kwanza, kuwa lita 0.228 kwa kila kilo, yaani kama lita 16 kwa mtu wa kilo 70. Schnider huona lita 4.27 kwa kila mtu, awe mwembamba au mnene. Ukilenga mikrogramu 4 kwa mililita kwenye damu, Marsh itasukuma takriban mg 64 mara moja, Schnider mg 17 tu. Ndiyo maana Schnider hutumiwa kwa kulenga ubongo, na Marsh ya zamani kwa kulenga damu. Wanaoniuliza "mbona jana 4 ilimlaza na leo 4 haimlazi" wengi wamebadilisha hesabu bila kujua. Chagua moja, ijue, baki nayo. Na mgonjwa mnene kupita kiasi usimtie kwenye Schnider: fomula yake ya uzito hugeuka kinyume kadiri kilo zinavyozidi.

Mtu mzima mwenye afya aanzie mikrogramu 4 kwa mililita akiwa na fentanili. Mzee au aliyedhoofika mwanzishe 1, panda kwa 0.5, ungoje kila hatua. Kabla ya kubonyeza kuanza, linganisha na hesabu yako ya hatua ya 5. Pampu ikitaka kumpa bibi wa kilo 45 mg 150, umeingiza umri au uzito vibaya.

7. Mlaze. Oksijeni kwa barakoa dakika 3. Fentanili mikrogramu 1 hadi 2 kwa kilo, ungoje ifanye kazi. Propofoli huchoma mshipa. Lignokeni, dawa ya ganzi, mg 20 hadi 40 kabla yake hupunguza maumivu hayo, na mshipa mkubwa wa kiwiko husaidia zaidi kuliko ule wa kiganja.

Ukilaza kwa mkono: mtu mzima chini ya miaka 55 kwa kawaida huhitaji mg 1.5 hadi 2.5 kwa kilo, mg 40 kila sekunde 10 ukimtazama. Mzee, mg 1 hadi 1.5, na mg 20 kila sekunde 10. Damu ya mzee hutembea polepole. Kosa ninaloliona zaidi ya yote hapa ni haraka: dawa imetolewa, mzee bado anaongea, mkono unaongeza nyingine, kisha zote mbili zinafika pamoja na presha inakuwa 60. Mwache aongee. Jina lake, watoto wake, mtaa wake, mpaka asite mwenyewe.

8. Endeleza. Kila dakika 5 andika kwenye chati presha, mapigo, kasi ya pampu na jumla ya mililita zilizokwenda. Hiyo jumla ndiyo shahidi wako. Ikiwa pampu inasema 30 na sirinji ina 48, mahali fulani pamekwama. Macho yafuate njia ileile kila mara: sirinji, mrija, kanula, mkono, uso.

Monita ya mawimbi ya ubongo ya aina ya BIS inatakiwa ikae kati ya 40 na 60. Ukimpa ketamini, dawa nyingine ya usingizi, namba hiyo inaweza kupanda ilhali amelala. Usiiamini peke yake. Jasho na machozi ni dalili, lakini huja zimechelewa, na aliyepewa dawa za kushusha mapigo huenda asizionyeshe kabisa.

9. Mwamshe. Punguza ngozi inapoanza kushonwa, zima katika nyuzi za mwisho. Propofoli huondoka upesi hata baada ya saa nyingi. Fentanili iliyotiririshwa muda mrefu haiondoki hivyo, hujilimbikiza. Ukitumia remifentanili, ndugu yake fentanili, kumbuka inakwisha ndani ya dakika chache, na maumivu huja nayo nyuma. Morfini mpe mapema, si baada ya kuzima. Wagonjwa wengi hufumbua macho kiwango cha propofoli kwenye pampu ya TCI kikishuka kati ya mikrogramu 1 na 2 kwa mililita.

Kabla ya kumtoa thieta, sukuma maji kwenye kanula. Dawa iliyobaki ndani yake itaingia mara moja muuguzi wa wodi atakapomchoma antibiotiki, na hapo hakuna aliyekaa na mfuko wa kupumulia.

Ukikosa pampu

Usitiririshe propofoli kwa kukadiria matone. Tumia ketamini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Mlaze kwa mg 1 hadi 2 kwa kilo, polepole kwa dakika nzima. Kisha toa mililita 10 kwenye chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500, uweke mililita 10 za ketamini yenye mg 50 kwa mililita. Umepata mg 1 kwa mililita. Anza mg 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa, upandishe ukimfuata mgonjwa. Dripu ya watoto yenye matone 60 kwa mililita hurahisisha: mililita 70 kwa saa ni matone 70 kwa dakika. Ile ya kawaida ya matone 20, ni 23. Mama mwenye kifafa cha mimba au mgonjwa mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, mtafutie njia nyingine.

Mambo yakienda kombo

*Pampu inalia kizuizi.* Tazama kibano, kiungo cha njia tatu, kisha kanula. Kabla ya kufungua kizuizi, legeza shinikizo kwanza kwa kufungua mrija nje ya mgonjwa, la sivyo dawa iliyobanwa itamwingia yote kwa pigo moja.

*Mgonjwa anasogea.* Usianze na kupandisha namba. Papasa kanula. Kama ni nzima, mpe propofoli mililita 2 hadi 3 kwa mkono na dawa ya maumivu, kisha pandisha. Kama mkono umevimba, badilisha njia mara moja. Ukichelewa fungua gesi.

*Presha imeshuka.* Punguza dawa, inua miguu, ongeza maji, efedrini mg 3 hadi 6. Halafu muulize mpasuaji kuhusu damu, maana si kila presha inayoshuka ni ya kwako.

*Haamki.* Hakikisha pampu imezimwa kweli. Pima sukari, joto, hewa ya kaboni. Pitia chati uone fentanili na midazolamu (dawa ya kutuliza) jumla yake.

*Umeme umekatika.* Betri iko kazini kama uliichaji. Sikiliza pampu, usiitazame tu: kioo kikiwaka na mota isiposikika, shika sirinji ya mkono.

*Mgonjwa anasafirishwa akiwa amelazwa.* Wa Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe ndipo apande ambulensi. Sirinji ya pili ivutwe ukiwa bado hospitalini, si gatini kwenye upepo. Pampu ifungwe kwenye machela usawa wa kifua, betri ijae, na sirinji ya mililita 20 yenye lebo iwe mfukoni mwako. Kiwango cha kumtuliza aliye na mrija wa koo huwa mg 1 hadi 4 kwa kilo kwa saa. Presha ikiwa dhaifu, chagua ketamini. Mfuko wa kupumulia ushike mwenyewe, usiuweke chini ya kiti. Kagua kanula kabla ya kushuka botini na tena baada ya kupandisha machela, kwa sababu ndipo inapong'oka.